Jiki, ndimu na spiriti katika chupa moja: jibu kwa mama lishe wa Biharamulo

Dada mmoja anayeuza chakula karibu na stendi ya mabasi huko Biharamulo, mkoani Kagera, ameniandikia hivi: “Januari 2025, tulipotangaziwa ugonjwa wa Marburg hapa kwetu, bei ya vitakasa mikono ilipanda mpaka nikashindwa. Jirani yangu akanifundisha kuchanganya jiki, maji ya ndimu na spiriti ya bluu katika chupa moja ili dawa iwe kali. Nilipoifungua jikoni nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, na mwanangu wa miaka minne akasumbuliwa na kifua kwa siku mbili. Nilikosea wapi? Ugonjwa mwingine ukija, nitengeneze nini mwenyewe, kwa kipimo gani, ambacho hakitanidhuru mimi wala wateja wangu? Mpwa wangu ana fomula ya sanitaiza aliyoipata kwenye simu, anasema hata gongo inafaa. Na maji ya klorini yanayobaki jioni nimwage wapi?”

Dada yangu, pole kwa yaliyokupata, na mpe pole mtoto. Nitaanza na chupa ya jirani yako, kwa kuwa mchanganyiko wa namna ile huzuka kila mlipuko unapotokea. Niliukuta mwaka 2020 wakati wa korona, nikausikia tena mwaka 2023 Marburg ilipothibitishwa nchini kwa mara ya kwanza, kule Bukoba Vijijini, na sasa umenifikia kutoka kwako. Anayeufundisha huwa hana nia mbaya. Anaamini tu kwamba kama jiki inaua vijidudu, na spiriti inaua vijidudu, na ndimu inakata shombo ya samaki, basi zikiwa pamoja zitaua mara tatu.

Jiki, jina ambalo wengi wetu tunalitumia kwa dawa yoyote ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ni maji yenye kemikali iitwayo sodiamu haipokloraiti. Klorini iliyomo hutulia kwa sababu maji yale yana hali ya alkali, hali ileile inayoyafanya yateleze vidoleni kama sabuni. Ndimu ni asidi. Ukiikamulia ndani ya jiki, ile hali ya alkali inavunjika, na klorini inafunguka na kutoka ikiwa gesi ya rangi ya njano inayokaribia kijani. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipai kwenda darini bali hushuka na kutandaa sakafuni, mahali mtoto wa miaka minne anapochezea. Ikigusa unyevu wa macho, koo na mapafu hugeuka kuwa asidi hapohapo, na ndiyo maana wewe ulitokwa machozi na yeye akabanwa kifua. Spiriti nayo ikikutana na jiki huzaa kemikali nyingine zenye sumu, klorofomu ikiwa mojawapo. Na ungeliacha chupa imefungwa juani, gesi ingeweza kujaa mpaka ikaipasua.

Linaloniudhi zaidi katika mapishi yale ni kwamba, hata tukiweka madhara kando, dawa yenyewe haikuwa na kazi tena. Ile klorini iliyotarajiwa kuua virusi mezani ndiyo iliyopanda puani mwako. Ukali wa harufu ulioudhania kuwa nguvu ulikuwa ni dawa inayokukimbia, na kilichobaki ndani ya chupa baada ya saa chache kilikuwa maji ya chumvi yenye sumu kidogo.

Kwa hiyo jiki haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji safi ya baridi. Haichanganywi na ndimu, siki, wala dawa ya kusafishia sinki la choo, ambayo mara nyingi ni asidi kali kuliko ndimu zote za gengeni. Haichanganywi na dawa ya kufutia vioo yenye amonia, na haimwagwi moja kwa moja juu ya mkojo uliotuama, kwa sababu amonia na klorini hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja ya wageni ambako mhudumu alikuwa amemwaga dawa ya choo ndani ya sinki, akaona madoa hayatoki, akaongeza jiki juu yake na kufunga mlango ili dawa “iive”, naye akiwa humohumo ndani anasugua. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za nje, kanga mdomoni, anahema kama aliyepanda mlima akiwa na gunia kichwani. Alipona, lakini alilala hospitalini usiku mmoja akipewa oksijeni, na hakuna aliyekuwa amemwambia kabla ya siku ile kwamba chupa zile mbili hazikutani.

Yakitokea tena, toka nje pamoja na wote waliomo, acha milango wazi, na usirudi kumwaga mchanganyiko mpaka harufu iishe. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatiza. Mtoto akinywa jiki, usimtapishe, kwa maana inachoma mara ya pili ikirudi juu. Mpeleke kituo cha afya, nawe uichukue chupa yenyewe ili mhudumu aone alichokunywa.

Sasa nije kwenye la kutengeneza mwenyewe. Virusi vya Marburg, Ebola, korona na homa ya nyani vina jambo moja linalotusaidia: vyote vimefunikwa na ganda la mafuta. Sabuni, iwe ya mche ya kufulia au ya unga, hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, ikalichana ganda lile kama inavyochana mafuta ya nyama kwenye sufuria. Ganda likichanika, kirusi kimekwisha. Hivyo basi kitakasa mikono cha kwanza cha mama lishe si kitu cha kuchanganywa kwa siri jikoni, ni sabuni na maji yanayotiririka, kwa sekunde zisizopungua 20, ukipitisha povu katikati ya vidole, chini ya kucha na kwenye vifundo vya mikono. Najua jibu hili halivutii, na wateja wengi huona ndoo ya sabuni kama umaskini na chupa ya jeli kama maendeleo. Lakini mikono iliyotoka kukata nyama au kumega ugali ina mafuta na uchafu, na jeli haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu, wakati sabuni huondoa vyote viwili.

Ukiona mche wa sabuni unaibwa au unaisha haraka, fanya hivi: chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kizibo chake tundu dogo kwa msumari uliopashwa moto, weka ndani vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga, jaza maji, tikisa na uiache povu litulie. Mteja akiminya mara moja anapata sabuni ya kutosha mikono yote miwili. Itundike kando ya kibuyu chirizi au ndoo yenye koki, na chini uweke beseni la kupokea maji machafu ili pasiwe na tope mbele ya genge. Kifaa hiki utakitengeneza kwa nusu saa, na hakuna mtu atakayeumia kwa kukosea kipimo chake.

Klorini ina kazi yake nyingine, nayo ni vitu: meza, mabenchi, vitasa, koki, sakafu, choo. Ni dawa ya zamani sana. Mwaka 1847, kabla hata wanasayansi hawajakubaliana kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta magonjwa, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa wodi ya uzazi huko Vienna wanawe kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Hadi leo, wahudumu wa afya wanaopambana na Marburg na Ebola hutumia klorini hiyohiyo kwa nguvu mbili ambazo pengine uliziona kwenye ndoo za vituo vya afya: asilimia 0.5 kwa vitu na mahali palipochafuka, na asilimia 0.05 kwa mikono pale sabuni inapokosekana. Kwa meza na vitasa vya kawaida wakati wa korona, Shirika la Afya Duniani lilielekeza asilimia 0.1, na kwa genge lako ambalo halina mgonjwa hiyo ndiyo utakayoitumia karibu kila siku.

Namna ya kuipata ni hesabu ndogo ambayo ningependa uijue mwenyewe badala ya kukariri vijiko vya mtu mwingine, kwa sababu chupa hazifanani. Tafuta kwenye lebo asilimia ya sodiamu haipokloraiti au ya klorini. Gawa namba hiyo kwa asilimia unayoitaka, kisha toa moja. Jibu ni sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya jiki. Jiki nyingi za madukani kwetu zina asilimia 3.5 au inayokaribia hapo. Ukitaka 0.5, basi 3.5 ukigawa kwa 0.5 unapata 7, ukitoa moja zinabaki 6: kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji, kikombe kilekile. Ukitaka 0.1 unapata 35, ukitoa moja ni 34, na kwa chupa ya lita moja na nusu hiyo ni kama vijiko vitatu vya chakula vya jiki, halafu unajazia maji hadi juu. Ukitaka 0.05 ni sehemu moja kwa maji 69, yaani mililita 145 hivi kwa ndoo ya lita kumi, chini kidogo ya nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Chupa yako ikiandikwa asilimia 5, hesabu inabadilika: kwa 0.5 utatia maji sehemu 9, kwa 0.1 sehemu 49. Ndiyo maana yule anayekwambia “kizibo kimoja kwa ndoo” bila kuuliza chupa gani na ndoo gani hajakwambia kitu.

Jiki isiyo na lebo usiinunue kwa kazi hii. Ile inayouzwa sokoni kwa kupimwa, ikiwa ndani ya chupa za maji ya kunywa zilizotumika, inaweza kung'arisha soksi za shule lakini hujui nguvu yake, na huenda imekaa juani wiki nzima. Klorini hupungua kwa joto, kwa mwanga na kwa umri. Tazama tarehe ya kutengenezwa, chagua chupa isiyopitisha mwanga, na uiweke mahali pa baridi. Kuna hatari nyingine ambayo nimeiona ikimfikia mtoto wa watu: chupa ya maji yenye kimiminika cheupe kinachoonekana kama maji huishia mdomoni. Hata maji uliyoyazimua mwenyewe, yatie kwenye chupa ambayo nyumbani kwako haitumiki kwa kinywaji, ibandike karatasi yenye maneno USINYWE, kipimo na tarehe, na uitundike juu ya kimo cha mtoto.

Wakati wa kuchanganya, simama nje au pembeni mwa dirisha, vaa glavu za mpira na nguo usiyoionea huruma, tia maji kwanza ndani ya ndoo ya plastiki na jiki baadaye ili isikurukie. Maji yawe ya baridi, kwa maana ya moto yanaifukuza klorini. Ndoo isiwe ya bati, na kamwe isiwe sufuria ya alumini: klorini huila, sufuria ikaota vidoa vyeusi na dawa yenyewe ikaisha nguvu kwa kupigana na chuma. Nilifanya kosa hilo mimi mwenyewe nikiwa mgeni kazini. Niliweka dawa kwenye karai la bati kwa sababu ndoo zilikuwa zimetumika zote, asubuhi nikakuta karai lina kutu ya rangi ya chai na dawa ambayo isingetoa hata doa la mchicha. Tengeneza ya siku moja tu, funika, weka kivulini, na kesho yake anza upya.

Halafu kuna utaratibu, ambao kwa maoni yangu watu wengi huupuuza kuliko hata kipimo. Klorini haichagui: ikikuta mchuzi, ukoko wa ugali au mafuta juu ya meza, itajimaliza kwa hivyo kabla haijakifikia kirusi. Kwa hiyo meza inaoshwa kwanza kwa sabuni na maji, inafutwa, ndipo inapakwa maji ya klorini ya asilimia 0.1 kwa kitambaa kilicholowa vizuri, na kuachwa ikiwa imelowa kwa dakika kumi. Si kupaka na kukausha papo hapo, kama wanavyofanya vijana wa kusafisha meza mteja akiwa amesimama na sahani mkononi. Dakika kumi zikiisha, mahali panapogusana na chakula pafutwe kwa maji safi ya kunywa. Meza za mbao zisizopakwa rangi hunywa dawa na uchafu kwa pamoja, basi zitandikie plastiki nzito inayofutika. Vyombo vya kulia havihitaji haya yote: sabuni, maji ya moto, suuza, kisha vikauke juani kwenye kichanja bila kufutwa kwa kitambaa ambacho kimeshafuta meza tano.

Usiwapulizie watu. Wakati wa korona paliwekwa vibanda vya kupitia na mabomba ya kupuliza, na Shirika la Afya Duniani likatoa maelekezo Mei 2020 kwamba mtu asipuliziwe dawa kwa hali yoyote. Klorini juu ya nguo na ngozi haimwondolei mtu virusi vilivyomo mwilini mwake, ila inamwunguza macho na kuamsha pumu. Hata mezani, kitambaa ni bora kuliko chupa ya kupuliza, kwa sababu mvuke unauvuta wewe unayefanya kazi siku nzima. Na ile ya mikono ya asilimia 0.05 ichukue kama akiba ya siku sabuni ilipokosekana. Ukinawa nayo mara thelathini kwa siku, ngozi inapasuka, na ngozi iliyopasuka ni mlango wa maradhi uliyokuwa ukiyakimbia. Wanaotumia unga wa klorini, ule wa asilimia 65 hadi 70 unaotolewa wakati wa milipuko, wajue kwamba kijiko kimoja cha chakula kwa lita 20 kinatosha kwa mikono na vijiko kumi kwa lita 20 ni kwa mahali palipochafuka, kwamba unga hutiwa ndani ya maji na si maji ndani ya unga, na kwamba usihifadhiwe karibu na mafuta ya taa wala petroli, kwa kuwa unaweza kuwasha moto. Vidonge vya kutibu maji ya kunywa haviwezi kazi ya meza, vimepimwa ili binadamu anywe.

Mpwa wako na fomula yake nisimkatishe tamaa, kwa sababu huenda fomula ni ya kweli. Ile ya Shirika la Afya Duniani, ikipunguzwa hadi lita moja, inahitaji mililita 833 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 42 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 15 hivi za gliserini, na maji yaliyochemshwa yakapoa ya kujazia mpaka ifike lita. Ethanoli ndiyo inayoua, ikiwa imeshuka hadi asilimia 80. Watu hushangaa kwamba asilimia 96 kavukavu ni dhaifu kuliko 80, lakini alkoholi huhitaji maji kidogo ili iivunje protini ya kirusi, na isipokuwa nayo hukauka kabla haijamaliza. Peroksaidi haipo kwa ajili ya mikono, ipo kuua mbegu za bakteria zilizojificha ndani ya chupa yenyewe, na ndiyo sababu kitakasa hicho hukaa saa 72 kabla hakijatumiwa. Gliserini inazuia ngozi isikauke.

Ila fomula ile iliandikiwa maduka ya dawa na hospitali, watu wenye silinda za kupimia, wenye kifaa cha kupimia nguvu ya alkoholi, na wanaonunua ethanoli kwa msambazaji anayejulikana. Nyumbani kwako hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na gongo haiwezi kuziba pengo hilo. Hakuna anayejua gongo ya leo ina asilimia ngapi, na ya jana haikuwa sawa nayo. Ili kitakasa kifanye kazi, alkoholi isishuke chini ya asilimia 60, ambapo hata Konyagi inayonunuliwa dukani ina asilimia 35 tu. Wale wanaochanganya alkoholi ya asilimia 70 na jeli ya mshubiri, vikombe viwili kwa kimoja, wamepata kitu cha asilimia 47 chenye harufu nzuri kisicho na kazi.

Halafu kuna methanoli. Spiriti ya bluu imetiwa vitu vya kuifanya isinyweke, na methanoli huwa miongoni mwavyo. Gongo iliyopikwa vibaya au iliyoongezewa “nguvu” na wauzaji inaweza kuwa nayo pia. Methanoli haitofautiki na ethanoli kwa kunusa, kwa kuonja wala kwa kuiwasha moto, inapita kwenye ngozi, na ikiingia mwilini kwa wingi hupofusha macho kabla ya kuua. Mwaka 2020 mamia ya watu walikufa Iran kwa kunywa alkoholi yenye methanoli, wengi wakiamini kwamba inakinga korona, na mwaka huohuo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuwaonya watu kuhusu vitakasa mikono vyenye sumu hiyohiyo vilivyokuwa vikiuzwa madukani. Ikiwa viwanda vilidanganywa, mpwa wako na dumu la lita tano atajuaje?

Zaidi ya hayo, jikoni kwako kuna jiko la mkaa. Ethanoli ya asilimia 80 hutoa mvuke unaoshika moto kuanzia nyuzi joto 17.5, na Biharamulo mchana huwa juu ya hapo. Ndimi zake ni za bluu hafifu, mchana hazionekani, kwa hiyo mtu huanza kuungua kabla hajajua kwamba anaungua. Hata chupa ndogo uliyoinunua, ukijipaka, sugua mpaka mikono ikauke kabisa kabla ya kuchochea jiko au kuwasha kiberiti. Kwa hiyo alkoholi nunua iliyosajiliwa, yenye jina la kiwanda na asilimia, hata kama ni chupa moja ndogo kwa ajili ya wewe unayeshika fedha za wateja, na usijipikie.

Nisipolisema hili nitakuwa sijakujibu vyema: vipimo vyote nilivyokupa ni vya genge na nyumba ambamo hakuna mgonjwa. Marburg haienei kwa kukaa hewani, inaenea kwa kugusa damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. Mtu akiugua ghafla hapo stendi, ana homa kali, anatapika au anatokwa damu, ndoo yako ya jiki haikugeuzi kuwa mhudumu wa afya. Usimguse, usifute matapishi yake, usikusanye nguo zake kwenda kuzifua. Watenge watu na eneo hilo, piga simu namba 199 bila malipo, na uwaache wenye mavazi ya kujikinga wafike na klorini yao. Mwiko huu ni mgumu zaidi anapokufa ndugu, kwa maana kuosha maiti kwetu ni heshima ya mwisho, nami silisemi kwa wepesi, lakini mwili wa aliyekufa kwa Marburg bado una virusi vingi vinavyoambukiza na mikono ya ndugu ndiyo huvibeba kurudi nyumbani.

Umeuliza pia maji ya klorini yanayobaki jioni uyamwage wapi. Usiyamwage kwenye choo cha shimo mara baada ya watu kujisaidia, wala karibu na kisima, wala kwenye bustani ya mchicha. Yaache kwenye ndoo bila mfuniko, nje, mahali mtoto na kuku hawafiki, jua la kesho liyapige mpaka jioni. Klorini nyingi itakuwa imekwisha, na hapo unaweza kuyamwaga kwenye mtaro au kuyatumia kusuuza sakafu ya choo, kisha uoshe ndoo kwa maji matupu kabla ya kuchanganya mengine.